Safari Tatu za Kutafuta Maua ya Mawe

Mwaka wa pili wa ndoa yangu, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, miguu ya mama mkwe ilivimba hata akashindwa kushuka ziwani kuchota maji. Tulikaa naye mjini Baraka, nyumba moja. Zahanati ilimpa vidonge, akavificha chini ya mkeka. Alitaka majani ya mmea mmoja tu, unaoota kwenye mawe ya vilima vya Fizi, alikozaliwa.

"Utaijua kwa maua," aliniambia. "Iko na maua ya zambarau, madogo madogo, na majani yake inanata kwa mikono. Batu ya kwetu bote banaijua."

Nilitembea kutwa nzima, nikalala kwa ndugu zake, asubuhi nikapanda kilimani. Kilikuwa kiangazi. Hapo ndipo nilipojua kwamba maua ya zambarau ni mengi. Mengine yalitambaa kati ya majivu ya nyasi zilizoungua, mengine yalisimama wima kwenye nyufa za mawe. Nilichuma majani yaliyonata, nikayafunga kwenye jani la mgomba, nikarudi.

Mama mkwe alifikicha majani, akanusa, akatupa fungu lote nje.

"Haiko hii. Umeniletea chakula ya mbuzi."

Nikaenda tena. Safari hii, juu ya mawe, nilikutana na mama mmoja wa wafugaji wa milimani, akishuka na kibuyu cha maziwa. Nilimwonyesha mmea.

"Ndiyo hii," alisema. "Hata sisi tunaogeshea batoto."

Akanisaidia kuchuma. Nilirudi na malengelenge miguuni, lakini na uhakika.

"Siyo hii," alisema mama mkwe.

"Mama, angalia muzuri!"

"Mi nilizaliwa mbele yako. Unataka kunifundisha?"

Siku hiyohiyo msimamizi wa mashamba ya pamba alipita, akakuta pamba yetu imepasuka na kuanguka chini, haijachumwa. Kulima pamba ile ilikuwa amri ya serikali ya kikoloni, si hiari. Alimfokea mume wangu mbele ya majirani. Mume wangu akanifokea mimi. Nilienda nyuma ya nyumba nikalia, si kwa huzuni, kwa hasira.

Lori la pamba lilipokuja, nilimwambia mume wangu, "Mama aende mwenyewe anionyeshe." Dereva alikubali kumkalisha mbele. Kule Fizi tulimshika mikono, mimi na mpwa wake, mpaka penye mawe. Kisha mpwa akaenda kutafuta maji.

Mimea ilikuwa imechanua pande zote, mingine inagusa kitenge chake. Mama mkwe aligeuza kichwa huku na huku.

"Iko wapi? Bameikata yote?"

Nikamtazama macho. Kwa mara ya kwanza nikayaona kweli: yalikuwa na ukungu, na yalielekea juu ya bega langu. Nilivunja tawi nikamtia mkononi. Alifikicha, akanusa, uso ukamfunguka.

"Eh. Ndiyo hii."

Ulikuwa mmea uleule wa mara zote mbili. Safari ya kutwa juani ilikuwa imeua harufu yake, naye hakuwa na njia nyingine ya kuutambua.

"Mama, hauone tangu lini?"

"Naona."

"Mama."

"Naona mwangaza," alisema polepole. "Usimwambie mutoto wangu."

Ningepaswa kumhurumia. Sikuweza. Nilichuma mpaka vidole vikawa vyeusi kwa utomvu, nikiwaza siku nne za barabara na pamba iliyoozea shambani. Yeye alikaa juu ya jiwe, akiongea kwa furaha juu ya utoto wake.

Uvimbe ulipungua kidogo, haukuisha. Mume wangu aliwaambia majirani kwamba mke wake hakujua kutafuta dawa mpaka alipofundishwa na mama. Walicheka. Nikaendelea kutwanga. Siri ile niliibeba mpaka mvua za mwaka uliofuata, siku mama mkwe alipokanyaga moto wa jikoni mbele ya watu wote.