Duara Lisilochorwa na Mtu

Jokha alikuwa mwanamke wa kucheka, na watu wa Ilford, huko ughaibuni, walimjua kwa hilo. Alipika katika jiko la shule, na mtoto aliyebakisha karoti alitaniwa mpaka akazimaliza. Basi siku uso wake ulipokataa kucheka, alitishika, na hakumwambia mtu.

Ilikuwa ndani ya treni, akienda Woolwich kwa wifi yake, Afra. Treni ilipozama chini ya ardhi, dirisha likawa kioo. Mtoto wa watu aliyekaa mbele yake akamtolea ulimi. Jokha akamchekea, na mle kiooni akamwona mwanamke anayecheka upande mmoja tu. Upande wa pili ulimtazama kama mtu asiyemjua.

Mambo hayakuanzia hapo. Mwanzoni mwa kiangazi alikwenda na jamaa msitu wa Epping, wakakaa majanini na sinia la biriani. Baadaye ikaja harusi ya binti yake Afra. Mkono wa Afra kwa hina na piko, ile rangi nyeusi ya mapambo, husifiwa hata na wanaomchukia, naye akamkalisha Jokha ampambe miguu. Alipomfunua shavu la mguu, akasita.

"Nani kakuchora duara hili kabla yangu, wifi?"

Lilikuwa jeusijeusi, kama kivuli cha bangili, na katikati mna nukta. Haliumi, haliwashi.

"Umekuja kupamba au kupekua?" Jokha akasema. "Lifunike, watu wanangoja."

Afra akalifanya moyo wa ua, akalizungushia majani ya piko, likasahauliwa.

Piko lilipoanza kufifia, duara lilikuwa limeshatoka nje ya ua. Yakafuata maumivu: leo goti, kesho bega, kama mtu anayehama vyumba akitafuta pa kulala. Dokta Dhiren aliona mguu una madoa ya rangi, akauliza piko lilipakwa lini, akasema ngozi imelikataa, wengi huwatokea. Duara likayeyuka lenyewe. Maumivu hayakuyeyuka. Jokha alipokuja kuutaja msitu, akapimwa damu kwa ugonjwa wa Lyme, ule unaoletwa na kupe. Jibu: hakuna. Akapimwa tena. Jibu la pili halikusema ndiyo, halikusema siyo.

"Sasa mimi mgonjwa au si mgonjwa?"

"Siwezi kusema bado," daktari akajibu. "Tungoje, tutapima tena."

Kungoja kwenyewe kulikuwa na bei. Kazini sufuria zilimponyoka, chumvi alitia mara mbili, na wakubwa walishaanza kumtazama kwa jicho la pembeni. Ugonjwa usio na jina haupewi ruhusa ya kulala.

Kwa hayo, na uso ule wa kwenye treni, alifika mlangoni kwa Afra.

"Nusu ya uso umeisahau nyumbani?" Afra akatania, kisha akaona si utani. Akamkalisha. "Wifi, usinikasirikie. Nimempigia mganga Pemba."

"Mganga wa WhatsApp. Anapunga pepo kwa bando la nani?"

"Cheka tu. Mimi nilimwambia wifi yangu anaumwa, basi. Akaniuliza, ana duara mguuni?"

Jikoni friji ilinguruma, ikanyamaza.

"Ulimwambia wewe."

"Wallahi sikumwambia. Nilikuwa nimeshalisahau. Alipouliza ndipo nikakumbuka kwamba nililiona kabla sijatia piko."

Neno moja likamkaa Jokha kichwani: kabla. Daktari alimuuliza piko lilipakwa lini, naye akajibu hilo hilo aliloulizwa, asitaje kwamba duara lilitangulia. Duara walilifunika wenyewe, kwa mikono yao, kwa ajili ya harusi.

"Chukua hina yako," akasema.

"Twende kwa mganga?"

"Kwa daktari. Mganga ameshaliona."

Siku ya miadi, chumbani kwa daktari, Afra alipiga magoti mbele ya kiti cha Jokha na koni ya hina, akachora pale pale palipokuwa na ua. Duara, na ndani yake nukta.

"Lilikuwa hivi," akamwambia daktari, "na lilikuwepo kabla ya piko langu. Piko langu halijamdhuru mtu."

Dokta Dhiren akautazama mguu, kisha uso. "Likakua?"

"Likatoka nje ya ua," Jokha akajibu.

Daktari akageukia kompyuta yake. "Duara la namna hiyo hatulingojei kipimo, tunatibu. Na huo uso pia sitaki ungoje."

"Kwa hiyo ni Lyme?"

"Nakutibu kama Lyme. Damu yako huenda isiseme ndiyo kamwe."

Alipewa vidonge vya wiki tatu, na jina la kupeleka kazini. Kila asubuhi Jokha alisimama mbele ya kioo akamchekea yule mwanamke. Kwanza ukajibu ukope, kisha pembe ya mdomo. Hina ya Afra nayo ilikuwa ikififia, ila ilianzia katikati kwenda nje, polepole, kama kwamba duara linapanuka. Sabuni hiyo, Jokha alijiambia.

Vidonge vilipokwisha, Afra alipiga simu.

"Mganga anauliza kama duara limeondoka."

Jokha akautazama mguu. Mweupe pe, hauna kitu. "Mwambie limeondoka."

"Nimeshamwambia. Kauliza, limekwenda wapi?"

Jokha akacheka kwa pande zote mbili za uso, akakata simu. Kisha akafunga mlango wa chumba, akavua blauzi, akageuka kuutazama mgongo wake kiooni.