Miguu Myeupe ya Jogoo wa Jirani

Siku nilipomhukumu jogoo wa bibi jirani, kuku wadogo wa aina ya bantamu niliowahi kuwashika kwa mikono yangu hawakufika hata ishirini. Hilo sikumwambia mtu. Mtaani kwetu Nzuguni walikuwa wameanza kuniita mtaalamu, nami nililipenda jina hilo hadi nikawa naogopa kulipoteza.

Nilichokijua nilikipata kwenye simu, picha baada ya picha. Niliandika kwenye daftari meno ya upanga wa kichwani yawe mangapi, mkia usimame vipi, sikio liwe na rangi gani. Kuku akikosa kitu kimoja tu, nilimwandika chotara kwa kalamu nyekundu. Sikuwa na mwalimu wa kuniambia imetosha, kwa hiyo haikutosha kamwe. Kuna siku nilirudi bandani mara nne kuhesabu vidole vya kuku yule yule.

Bibi ni mtu wa Kondoa, mjane, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Jogoo yule bibi aliachiwa na mdogo wake wa kiume, aliyefuga bantamu miaka mingi mpaka alipofariki. Kuku wenzake wote waliondoka na ugonjwa wa kideri, akabaki yeye peke yake: mweupe, mkia mweusi umesimama karibu ugusane na kisogo, miguu mifupi kiasi kwamba mbawa zilikuwa zikichora vumbi akitembea. Kuku wa aina hii wafugaji huwaita bantamu wa Kijapani. Bibi alitaka kitu kimoja, mbegu ya kuku wa ndugu yake isiishie hapo. Makutupora kulikuwa na mfugaji mwenye majike wa aina hiyo, na jogoo wake alikuwa amekufa. Alikubali kumletea bibi jike mmoja, vifaranga wagawane, ila jogoo awe mbegu safi.

"Mkague wewe," mfugaji huyo aliniambia kwenye simu. "Ukisema safi, nakuja."

Nilikwenda na rula. Bibi alinitazama nikipima mkia, akaziba mdomo kwa kanga.

"Unampima suti, mume wangu?" Ndivyo anavyoniita tangu nihamie pale, kwa utani wa bibi na mjukuu.

"Nahakikisha tu, bibi."

Kila kitu kilikuwa sawa, mpaka nilipomgeuza nikaangalia miguu. Kwenye picha zangu zote kuku wa aina ile wana miguu ya njano. Huyu alikuwa nayo myeupe, kama kijiti kilichomenywa ganda. Nakumbuka nilivyojisikia, na sijivunii: nilifurahi. Nilikuwa nimeona kasoro ambayo mwingine asingeiona.

"Chotara, bibi," nikasema.

"Ndugu yangu hakuwa mtu wa kudanganya."

"Simsemi yeye. Ni miguu ndiyo inayosema."

"Haya. Jumamosi nina wakwe wanatoka Kondoa. Ataingia chunguni."

Jioni ile ile nikampigia mfugaji wa Makutupora, nikampa hukumu yangu kwa sauti ya mtu mzima.

Alhamisi nilikuwa napanga picha za kuku wangu kwenye simu. Huwa nawapiga kila wiki, wakiwa wamesimama mahali pale pale. Nilitaka kumtumia mfugaji picha ya jogoo wangu, naye wa Kijapani, aone miguu halisi inavyokuwa. Nikafungua ya wakati wa mvua, miguu ilikuwa ya njano kabisa. Nikafungua ya wiki ile. Ilikuwa imepauka, myeupe karibu sawa na ya jogoo wa bibi. Nilikuwa namwona kila siku, na sikuwa nimeona.

Nilisoma mpaka macho yakauma. Unjano wa miguu hutoka kwenye chakula, kwenye majani mabichi na mahindi ya njano. Sisi tulikuwa mwishoni mwa kiangazi, hata mbuzi mtaani wanatafuna maboksi. Kuku tunawapa uwele, mtama na pumba za mahindi meupe. Kuku wa kwenye picha zangu walikuwa wamesimama kwenye nyasi, na katika miezi yote ile ya kuwachunguza sikuwahi kuzitazama nyasi zenyewe.

Ningeweza kwenda saa ile ile. Sikwenda. Ijumaa nzima nilikaa ndani nikitunga namna ya kusema ambayo ingeniacha bado mtaalamu. Kila sentensi niliyoitunga ilikuwa na neno "ila" mahali fulani.

Jumamosi asubuhi nilimkuta bibi uani anachochea moto chini ya sufuria ya maji. Jogoo alikuwa amefungwa mguu kwa kipande cha kanga kwenye kigoda.

"Shikamoo, bibi. Usimchinje."

"Marahaba. Kwani umemwonea huruma?"

"Nilikosea. Miguu imepauka kwa sababu ya chakula. Hata wa kwangu wako hivyo hivyo."

Akaacha kuchochea. "Kwa hiyo ni safi."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu kuliko pote. Nilitamani kusema ndiyo, angalau nimpe kitu kizuri. "Sijui, bibi. Miguu haisemi safi, wala haisemi chotara. Ale majani mabichi miezi miwili mitatu, tuone. Na hata hapo, labda vifaranga ndio watakaotuambia."

"Juzi ulikuwa unajua, na rula mkononi."

"Juzi nilikuwa najidai."

Akacheka, cheko fupi lisilo na utani. "Mpigie huyo wa Makutupora. Hapa hapa, nisikie."

Nikapiga, nikaweka sauti kubwa, nikarudia yote, pamoja na neno "sijui". Mfugaji akasema, "Basi wewe acha. Nitakuja Jumatatu na jike wangu, nimwone jogoo kwa macho yangu." Hakunilaumu. Hakuniaga pia.

Bibi alimfungua jogoo, akamwacha aende zake akiburuza mbawa. Kisha akaitazama ile sufuria. "Maji yangu yanachemka na wakwe wako njiani. Twende kwako."

Bandani kwangu hakuuliza mkia wala sikio. Aliwanyanyua mmoja mmoja, akawapima uzito kwa kiganja, akawabonyeza kifua. "Vikuku vyako hivi, viwili ndio kuku mmoja," alisema, akanipa jike mmoja. Halafu akamtoa jogoo wangu, yule wa kwenye picha.

"Na huyu ana kasoro?"

Ningeweza kumtafutia. Nilikuwa hodari wa kuzitafuta.

"Hana, bibi. Ndiye bora kuliko wote nilionao."

"Vizuri. Wakwe si watu wa kupewa kasoro." Akamweka kwenye mkono wangu mwingine, akatangulia mbele, nami nikamfuata nimewabeba wote wawili.