Kili ya Kumi

Munyemana, fundi seremala wa Kamembe, alikuwa na ugonjwa mmoja: historia ya boling, ule mchezo wa kuviringisha mpira. Ukimpelekea kiti kilichovunjika mguu, kabla hajagusa msumari ameshakufikisha Amerika. Atakueleza jinsi wachezaji wa kule, mwishoni mwa miaka ya hamsini, walivyounda chama chao, wakaacha kuchezea bia na kuanza kuchezea zawadi za maana, watu wakiwatazama kwenye televisheni. "Papa Gaju, na kiti yangu?" mteja anamuuliza, akimwita kwa jina la mwanawe. Kiti! Nani alikuwa na habari ya kiti?

Mambo hayo aliyasoma kwenye magazeti makuukuu huko Bukavu, ng'ambo ya mto Rusizi, alikokulia baada ya wazazi wake kukimbia Rwanda. Ujanani alifanya kazi kwenye klabu moja yenye njia ya boling. Kazi yake ilikuwa kusimamisha kili, yaani zile chupa kumi za mbao zinazolengwa na mpira. Amerika mashine zilikwisha kuichukua kazi hiyo. Bukavu mashine ilikuwa Munyemana. Anajibanza nyuma ya ubao, mpira ukishapita anaruka chini, anasimamisha kili moja moja juu ya alama zake nyeusi, kisha anaurudisha mpira.

Rafiki yake wa chanda na pete, Buhendwa, Mushi, yaani mtu wa kabila la huko huko, alianza naye kazi hiyo. Wenye klabu walipomwona anavyotupa mpira, wakamruhusu acheze. Munyemana naye alijua kutupa, tena aliamini anamzidi mwenzake, lakini hakuna aliyemwita. Wivu, jamani! Wivu hauna adabu. Unanawa mikono na kukaa kwenye sahani mnayokula pamoja.

Mwaka 1974 yakaja mashindano. Mshindi angepelekwa Kinshasa, kwenye ukumbi wa mashine, akacheze na wale wanaolipwa. Buhendwa akafika mpira wa mwisho akihitaji kuangusha kili zote kwa mkupuo mmoja, na aliyezipanga ni Munyemana. Ile ya kumi, ya kona ya nyuma, akaiweka vidole viwili nje ya alama yake. Kutoka mbali vile, nani angeona? Mpira ukaja safi kabisa. Kili tisa zikalala, ya kumi ikabaki imesimama. Buhendwa akautazama mkono wake wa kulia kwa muda mrefu. Tangu siku hiyo hakutupa mpira tena, na Munyemana hakusema neno.

Miaka ikaenda. Mwaka 1994, vita vilipokwisha Rwanda, Munyemana na mkewe Mukansanga wakarudi kwao, wakafungua karakana Kamembe. Miaka miwili baadaye vita vikageukia Bukavu, na asubuhi moja Buhendwa huyo mlangoni, miguu imevimba, mkononi kifurushi kimoja. Wakampokea kwa mikono miwili. Wiki tatu walilala chini ya paa moja, na wiki tatu nzima mgeni alirudia maneno yaleyale: "Ni huu mukono uliniuzaka. Bila huu mukono, leo ningekuwa muntu."

Ikawa mgeni ananenepa na mwenyeji anakonda. Kila asubuhi Munyemana alijiapiza: leo nitamwambia, kabla hajarudi kwake. Kila jioni aliishia kusimulia habari za Amerika. Mwoga ni mwoga, hata awe na mvi.

Siku ya safari, Mukansanga akaleta kibuyu cha urwagwa, pombe ya ndizi, wamuage mgeni. Desturi ni mwenyeji aonje kwanza, kuonyesha kwamba hakuna ubaya ndani yake. Munyemana akakishika. Hakuna ubaya? Aonyeshe yeye? Akakiweka chini.

"Buhendwa, haikuwa mukono yako. Ni mimi. Kili ya kumi niliiweka pembeni. Nilikuonea wivu. Unisamehe, ndugu yangu."

Akangoja ngumi. Kusema kweli, aliitamani. Lakini haikuja.

"Kwa batu niko nasemaka mukono," Buhendwa alisema. "Ku roho, nilisemaka ni Joséphine."

Joséphine alikuwa mkewe. Munyemana alichojua ni kwamba alimtoroka mumewe mwaka uleule wa mashindano.

"Hakutoroka. Ile asubuhi alikutana na mi ku mulango na beseni tupu mukononi. Nilipokosa, nikasema ni yeye ameniletea kisirani. Nilimufukuza na mimba ya miezi sita, akarudi kwao Kabare. Aliniapia hana kosa, nikamucheka. Alifia kule."

"Nisamehe," Munyemana alisema tena, machozi yakimtoka bila aibu.

"Mi nikusamehe? Ile mpira ilikuwa yangu, haya, nimekusamehe. Ya Joséphine si yangu."

Akasimama, akachukua kifurushi chake. Kibuyu hakukigusa. Munyemana akamfuata hadi mlangoni, akamshika mkono, akauliza swali ambalo baadaye alijilaumu kuliuliza:

"Na mutoto?"

"Ni binti," Buhendwa alisema. "Nikikutana naye ku soko, ananiita Musiye, bwana, sawa vile anaitaka mugeni yeyote."

Akautoa mkono wake taratibu, akashika njia ya darajani.