Antene ya yaya haikutoa kaikpo

Gloire ndiye alitengeneza ile antene ya kusikia satelite? Nani alikudanganya? Yaya yangu, mukubwa wangu wa tumbo moja, ndiye alitengeneza, na mimi nilikuwa pale! Juzi nilimuona Gloire juu ya nyumba moja ya mutaa wa Mudzipela, anafunga ingine ya vile vile, yaya anamushikia ngazi. Roho iliniwaka sawa ile siku ya utoto.

Ile siku lupango yetu, kiwanja yote ya nyumba, ilinuka plastike ya kuungua, juu yaya alikuwa anatoboa tuyo, bomba ya plastike, na musumari ya moto. Mimi nilitaka kuzungulusha waya ya shaba kwenye tuyo. Yaya akamuita Gloire, mutoto wa jirani, aizungulushe yeye.

“Weye iko na haraka sana,” yaya aliniambia.

Shaba ya kuzunguka vile nilikuwa naijua tu kwa mama mwenye alipika kaikpo, ile pombe kali yenye inatoka tone kwa tone kwenye ncha ya shaba. Basi nilileta kikombe, nikaiweka chini ya ncha ya waya, kusudi yaya anywe wa kwanza.

“Yaya, angalia, anangojea kaikpo!” Gloire alipiga kelele.

Yaya akacheka mpaka machozi. Kisha akamuvalisha Gloire kaske ya masikio, asikie satelite inapita: shiii, pii, pii.

Leo najua kila muzunguko inapima karibu sawa na urefu wa wimbi moja ya redio. Nilijifunza peke yangu, najenga antene zangu. Yaya hana kosa, yaya ni yaya. Lakini Gloire? Ungekuwa weye, ungemusalimia?