Mwaka Mwingine wa Blogu, na Gunia Lililokosa Mwenyewe

Blogu yangu imemaliza mwaka mwingine. Mwaka huu nimeandika vizuri kuliko mwaka jana, na nalisema bila aibu kwa sababu nikiwa hapa aibu huniacha kidogo. Shuleni ndiyo haibanduki. Juzi juzi mwalimu wetu wa Kiswahili alisoma darasani makala yangu ya mvua ya Mabatini, akaisifu, kisha akauliza, "Kuna anayemjua huyu Binti wa Mkuyuni?" Hilo ndilo jina ninalojifichia. Mwenzangu mmoja akadai ni binamu yake, anakaa Dar. Mimi nikainamia dawati kama natafuta kifutio.

Tangu hapo swali likawa moja tu: mwaka unaoanza niandike jina langu, au niendelee kujificha? Nilichojua ni kwamba makala ya kumbukumbu ya mwaka huu nataka iwe ya Shangazi, Mama Kulwa, anayeanika dagaa kule Busisi, na habari za mtu huziandiki bila kumwomba ruhusa. Jumamosi nikaaga nyumbani.

Asubuhi, stendi ya Nyegezi. Mama alikuwa amenifungia mchele wa kumpelekea wifi yake. "Usiende kukaa na simu," aliniambia. "Ukifika, shika kazi." Nikapata kiti cha dirishani kwenye basi la Sengerema.

Baada ya Usagara barabara inashuka, halafu ghafla uko juu ya maji. Daraja hili jipya, lililochukua nafasi ya kivuko, bado linanishangaza. Ziwa lilikuwa limetulia, la kijivu, na mitumbwi huko chini ilionekana kama maganda ya karanga. Mzee aliyekaa pembeni yangu alisema, "Enzi za kivuko, saa hizi tungekuwa bado upande wa Kigongo tunatafuna mahindi." Nikayaandika hayo kwenye simu haraka. Akaniona.

"Unamwandikia nani, mjukuu wangu?"

"Watu tu, babu. Siwajui."

"Wao wanakujua?"

"Hapana."

"Mh! Haya, wasalimie," akasema, akafumba macho.

Nilipofika Busisi nilichukua bodaboda hadi mwaloni, pale ufukweni samaki wanaposhushwa na kuuzwa. Harufu ya dagaa hukupokea kabla ya mtu yeyote. Nyavu zilikuwa zimetandazwa hadi karibu na maji, na juu yake dagaa wanang'aa kama bati jipya. Nikapiga goti. "Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, Minza! Umerefuka wewe! Mama yako anakulisha mbolea?"

Jirani yake, Mama Bahati, Mkerewe mwenye sauti ya kuitia mtu aliye ng'ambo, akadakia, "Mrefu lakini hasemi. Hawa Wasukuma wenu wa mjini wamekatwa ulimi?" Nikacheka kwa ndani tu.

Mchana, wingu jeusi likaja kutoka ziwani. Kila mwanamke akakimbilia nyavu zake, maana dagaa wakinyeshewa wanaoza. Nikakumbuka maneno ya mama, nikashika kazi. Nikazoa, nikazoa, nikajaza gunia zima, najiona shujaa. Mvua ilipopita ndipo Shangazi akasimama juu ya lile gunia, mikono kiunoni.

"Minza, hizi umezoa wapi?"

Nikaonyesha. Mama Bahati akapiga yowe. "Nusu ni zangu!" Mpaka wa nyavu zao ni kamba moja nyembamba, nami nilikuwa nimeuvuka bila kuuona. Nikasema basi tugawane nusu kwa nusu. Wote wawili wakanitazama kama nimetukana.

Shangazi akanielewesha. Pale mwaloni dagaa hawauzwi bila mwenyewe kusimama pembeni. Mnunuzi anauliza, "Za nani hizi?" Mwenyewe anajibu, "Zangu, mimi Mama Kulwa." Akikuta mchanga, anajua wa kumfokea. Akikuta safi, wiki ijayo anamtafuta yule yule. Sasa gunia lile nani angesimama nalo? Shangazi hakubali mchanga wa Mama Bahati, na Mama Bahati hakubali kuambiwa ana mchanga.

"Hilo limeshakuwa la kuku," Shangazi akasema. Na kweli, jioni lilichukuliwa na mtu wa chakula cha kuku, ambaye hakuuliza jina la yeyote.

Kabla sijaondoka nikamwomba ruhusa yangu. Nilimweleza blogu ni nini, na kwamba watu wangesoma habari zake: alivyofiwa na mume, alivyoanza na wavu mmoja wa kuazima. Alisikiliza huku akichambua dagaa.

"Andika. Jina langu liweke. Na la kwako lipo?"

"Natumia jina lingine, Shangazi."

"Yaani mimi nisimame hapo mbele za watu, wewe umejificha nyuma ya gunia? Hapana. Tunasimama wote au tunakaa wote."

Kwenye basi la kurudi sikuandika kitu. Nilikuwa nimeshaamua kabla hatujamaliza daraja.

Nyumbani Mkuyuni, Jumapili baada ya kanisa, niliiweka makala ya Shangazi kwenye blogu, pamoja na kisa cha gunia na mchanga wake. Juu kabisa nikaandika: Minza. Kisha nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Nilichojifunza sikukipata siku ile, nilikipata Jumatano, simu ya baba ilipolia nikaambiwa ni yangu. Dotto, mtoto wa Shangazi, pacha wa Kulwa, alikuwa amewasomea makala pale mwaloni. Shangazi alikuwa anacheka kwa mbali, lakini aliyeshika simu ni Mama Bahati.

"Ni wewe Minza uliyeandika kwamba dagaa zangu zina mchanga?"

Zamani ningekata simu. Safari hii sikukata.

"Ni mimi, mama. Na mchanga ulikuwepo."

Kisha akaangua kicheko ambacho nadhani Kigongo walikisikia. "Kumbe ulimi anao!"