Mita Mbili za Tantine Astride

Mlio wa utepe wa gundi ukivutwa kutoka kwenye roli lake bado unanishtua. Unaujua mlio huo, msomaji wangu: krrr ndefu, kisha mtu anaukata kwa meno. Mwezi uliopita nilikuwa Matonge, mtaa wa Wakongo hapa Ubelgiji, nikimsaidia Tantine Astride kufunga maboksi, maana magoti yake yamekataa ngazi za ghorofa ya tatu na anahamia nyumba yenye lifti. Nilivuta utepe kufunga boksi la kwanza, na papo hapo nikawa tena na miaka tisa, nimekaa sakafuni kwenye korido ileile, nimefungiwa, nalia kwa hasira.

Tantine Astride ni dada mkubwa wa mama yangu. Mama na mimi tuliishi kwake, juu ya duka la vitenge la barabara ya Chaussée de Wavre, na harufu ya vitenge vipya ilipanda ngazi mpaka vitandani mwetu. Alikuwa mkemia. Alitoka Lubumbashi kuja kusoma, akabaki, akawa mwanamke wa kwanza kutoka kwetu kukabidhiwa funguo za maabara aliyofanyia kazi, jambo ambalo mama alimsimulia kila mgeni, hata fundi bomba. Kazi yake ilikuwa kupima maji, udongo na mawe kutoka migodi ya Katanga ili ijulikane vinatoa miale kiasi gani. Miale haionekani, hainuki, haisikiki. Ndiyo maana nyumbani alikuwa na neno moja tu kwa kila jambo: "Usiamini macho, pima." Alipima chumvi ya mboga. Nilipolalamika kwamba sketi yangu ya shule imekuwa fupi, alileta rula.

Jioni alipenda kunisimulia habari za yule bibi mkemia wa zamani aliyegundua radiamu. Alichemsha mawe miaka mingi kwenye banda lililovuja, na akawa anatembea na vichupa vyake mfukoni kwa sababu viling'aa vizuri gizani. "Alikuwa na akili ya kutupita shiye bote," Tantine alisema. "Lakini hakuna muntu alimuambiaka asimame mbali." Kisha alinikumbusha kwamba baadaye, radiamu ilipotengenezwa hapa Ubelgiji, mawe yake yalitoka kwetu, na baba yake mwenyewe, yaani babu yangu, aliyabeba kwa mikono mitupu. Naye hakuna aliyemwambia lolote. Alikufa Tantine akiwa bado shule ya msingi. Akifika hapo alianza kutafuta miwani yake, ambayo ilikuwa kichwani.

Mwaka ule Tantine aliota uvimbe kooni. Madaktari wakampasua, kisha wakampa kidonge cha iodini yenye miale, iufuate ugonjwa na kuumaliza mule mule ulimojificha. Alikaa hospitalini siku kadhaa katika chumba cha peke yake, akarudi nyumbani na masharti: alale peke yake, awe na sahani yake, na mtoto akae mbali naye mita mbili au zaidi mpaka daktari atakapomruhusu. Maisha yake yote alikuwa amepima miale, na sasa miale ilikuwa inatoka kwake yeye. Tantine alicheka. Mama hakucheka.

Ilikuwa likizo ya Pasaka, na mama alikuwa na zamu kwenye nyumba ya wazee. Kunipeleka kwa watu kungetaka maelezo, na Tantine alikuwa amekataza maelezo. Kanisani hasa wasijue. "Bakijua, batakuya," alisema. "Bakikuya, batanishika." Aliwajua watu wake. Kwetu mgonjwa haombewi kwa mbali. Anashikwa mikono, anawekewa mikono kichwani, analishwa.

Kwa hiyo akachukua utepe wa njano, akaubandika sakafuni kukata korido, kutoka ukuta hadi ukuta. Upande wake kulikuwa na chumba chake na choo. Upande wangu kulikuwa na jikoni, sebule, chumba chetu mimi na mama, choo kingine kidogo, na mlango wa kutokea, ambao sikuruhusiwa kuutumia. "Hapa ndiyo mwisho wako," aliniambia, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu hakunibusu.

Sijawahi kuona siku ndefu kama zile. Dirishani niliwatazama watoto wenzangu wakipita na koni za aiskrimu, akina mama wakibishana bei ya ndizi, ulimwengu mzima ukiwa nje na mimi ndani. Nilikuwa naweka sahani ya Tantine kwenye utepe, narudi jikoni, ndipo namsikia akifungua mlango wake. Niliuona mkono tu. Sebuleni, juu ya kiti, kulikuwa na shali nyeupe aliyokuwa akiifuma kabla ya ugonjwa, haijaisha, na sindano yake imechomekwa. Ilikuwa ya mtoto wa Maman Bijou, msichana mmoja wa kwaya aliyekuwa na mimba ya miezi minane na aliyemchagua Tantine awe marraine, mama wa ubatizo wa mtoto wake. Tantine hakuwahi kuzaa. Tangu achaguliwe alikuwa akiimba hata akiosha vyombo. Shali hiyo aliiacha upande wangu makusudi, ili mikono yake isiiguse siku zile.

Siku ya nne nilimsikia akiongea kwa simu na mwenzake wa maabara. "Demi-vie ni huit jours," alisema, "donc bado."

Mimi nilijua Kifaransa cha shule. Demi ni nusu. Vie ni maisha. Nikaenda jikoni kwenye kalenda, nikahesabu siku nane kwa kidole, nikaona kwamba wiki ijayo Tantine wangu atakuwa amebaki nusu. Hakuna aliyeniambia, kwa sababu watoto hawaambiwi kitu. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, na sikuwa na mtu wa kumuuliza ila yeye, na yeye alikuwa nyuma ya mlango.

Kesho yake mchana parlophone, simu ya mlango wa chini, ililia. Alikuwa Maman Béa, kiongozi wa wamama wa kanisa, anauliza mbona Tantine haonekani kwenye mazoezi ya kwaya. Nilijua nimekatazwa. Lakini mdomo ulinishinda. "Tantine iko mugonjwa," nilisema. "Iko na demi-vie. Huit jours."

"Demi-vie?" Maman Béa alipaza sauti. "Donc nusu ya maisha? Fungula, mutoto wangu."

Nikabonyeza kitufe.

Walipanda watatu, wakihema, na sufuria ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, iliyofungwa kwa kitambaa. Wa mwisho alikuwa Maman Bijou, mkono mmoja kwenye reli na mwingine kwenye tumbo. Waliukanyaga utepe bila hata kuuona, na mimi nikabaki upande wangu. Ufunguo wa chumba cha Tantine ukazungushwa kwa ndani.

"Yaya Astride, fungula," Maman Béa alisema, yaya kwetu ikiwa ni dada mkubwa. "Tulikuya kukuombea na kukuwekea mikono."

"Nani na nani?"

"Miye, Maman Véro, na Bijou."

Sauti ya Tantine ikaja kavu, sauti nisiyoijua. "Bijou ashuke."

"Comment?" Maman Béa aliuliza, kama asiyesikia vizuri.

"Ashuke sasa hivi. Na banyinyi pia. Muniombee kule kanisani."

"Muntu wa mimba unamufukuza ku mulango? Na weye ndiye marraine?"

"Nimesema ashuke."

Maman Bijou alianza kulia, bila sauti, na Maman Véro akamshika kiuno wakaanza kushuka. Maman Béa alisimama kidogo akitazama ule mlango. "Bon," alisema. "Savante abaki na science yake." Alilitamka savante, yaani mwanamke msomi, kama tusi. Akaiinua sufuria yake. Hata sombe ilirudi nyumbani.

Walipoondoka nikapiga kelele kwamba sitaki Tantine awe nusu. Ilibidi nirudie mara tatu ndipo anielewe. Nikamsikia akicheka, kicheko kilichokatikia njiani, kisha akanieleza kupitia mlango. Demi-vie haikuwa yake, ilikuwa ya dawa. Kila siku nane nusu ya dawa inapotea, halafu nusu ya ile iliyobaki, mpaka inakuwa kidogo sana. "Dawa inaisha," alisema. "Miye nabakia yote."

Mlango ukafunguka. Nilipomwona amesimama pale, mzima, macho mekundu, nilikimbia kwenda kumkumbatia. "Rudi nyuma ya mustari!" alipiga kelele, na mlango ukafungwa usoni pangu. Nilirudi, nikakaa sakafuni, nikalia mpaka mama alipotoka kazini. Niliamini kwamba ameshanichoka kama alivyowachoka wale wengine.

Mtoto wa Maman Bijou alizaliwa salama, msichana, na akabatizwa. Marraine akawa Maman Véro. Tantine alikaa benchi la nyuma, akatoka kabla ya picha, na kwenye kwaya hakurudi tena. Kwa miaka mingi wamama wale walimsalimia kwa ncha za vidole. Nilipokuwa mkubwa nilimuuliza mbona hakuwaeleza baadaye, dawa ilipokwisha. Alijibu kwamba alipiga hesabu usiku uleule: mlango umefungwa, dakika chache, haikumdhuru Bijou hata kidogo. Lakini hofu haisikii hesabu. Bijou angebeba mwezi mzima wa hofu pamoja na ile mimba, na baadaye kila homa ya mtoto ingekuwa kosa la ule mlango. Kwa hiyo akawaacha waamini kwamba ana majivuno. Na mimi, niliyebonyeza kile kitufe, hakunilaumu hata siku moja.

Hayo nilikuwa nayajua tayari mwezi uliopita. Lakini nilipolikunja zulia la korido, nikauona ule mstari. Utepe uliotolewa zamani ulikuwa umeng'oa vanishi ya mbao, ukaacha alama iliyopauka, kutoka ukuta hadi ukuta. Tantine alikuwa amekaa kwenye kiti mlangoni mwa chumba chake, anaikunja ile shali nyeupe. Sindano bado ilikuwa imechomekwa.

Futi ya kupimia ilikuwa mfukoni mwangu. Nilipima kutoka mlangoni pake hadi kwenye alama. Nikapima tena.

"Tantine," nilisema, "daktari alisema mita mbili."

"Eeh."

"Hapa kuna mita tatu na nusu."

Hakuinua kichwa. Aliiweka shali ndani ya boksi, akailaza vizuri kwa viganja vyote viwili.

"Nilikosaka calcul," alisema.

Tangu nimjue, Tantine Astride hajawahi kukosea hesabu. Niliukanyaga ule mstari, nikaenda kukaa sakafuni karibu naye, bega langu kwenye magoti yake mabovu, na tukakaa hivyo muda mrefu bila kufunga boksi lolote.