Shangazi Mwosha Maiti

Nyumba yetu ya Mbuchi, kijiji cha delta, ilinuka karafuu maiti mwaka mzima. Shangazi yangu, Bi Zuhura, ndiye aliyekuwa akiosha maiti za wanawake, na harufu ile haikutoka katika kanga zake hata zilipofuliwa. Sisi watoto tuliizoea. Kwetu ilikuwa harufu ya kulala ubavuni pake, tukisimuliwa visa vya nguruwe waliovamia mpunga.

Msimu ule maji ya mto yalipanda hadi vyooni, kikaingia kipindupindu. Mtu aliugua asubuhi, alasiri akazikwa. Msikiti ulijaa hadi barazani. Watu ambao hatukuwahi kuwaona wakitia udhu sasa walilia katika dua. Baba, mtu wa mizaha, aliacha kucheka. Siku hizo hizo watu wakaacha kupokea mkono wa shangazi. Walimwamkia kwa mbali, kisha wakawavuta watoto wao ndani. Ikasemwa kwamba kila nyumba anayoingia kuosha, anatoka na jina la atakayefuata.

Alasiri moja alikuwa uani akipepeta mchele, nami nimeketi karibu naye, wakaja wanaume wenye fimbo na mapanga. Mbele yao alikuwa Salehe, jirani yetu, aliyemzika mkewe juma lile.

“Bi Zuhura, tuambie unawafanya nini watu,” alisema.

Shangazi hakuinuka. “Mkeo nilimwosha, Salehe. Nikamsuka nywele mikia mitatu, nikamfukizia udi. Sikumfanya jingine.”

“Mbona wewe hufi?”

Nilimtazama usoni nikitarajia hasira. Nikaona mtu mzima anayeogopa kama nilivyoogopa mimi.

“Nitakufa, baba,” shangazi alimjibu taratibu. “Kila ninayemwosha ananikumbusha.”

Kijana mmoja akampiga fimbo, mkono ukavunjika. Salehe aliposikia mfupa ukilia, alilitupa panga lake, akamkinga shangazi kwa mwili wake na kuwafukuza wenzake. Baba alimvusha shangazi mto kwa mtumbwi, kisha wakatafuta gari la kwenda hospitali Mchukwi.

Alirudi ugonjwa ulipokwisha, na baba akamkataza kuosha tena. Lakini mama yake Salehe alipofariki, hakuna mwanamke aliyethubutu kumgusa. Salehe akaja, akasimama uani kwetu. Shangazi akajifunga kanga, akaondoka naye. Mama yangu alifuatana nao ili amsaidie kumimina maji.

“Yule alitaka kukuua,” baba alimwambia aliporudi.

“Hakunitaka mimi,” shangazi alisema. “Alitaka kifo kiende kwa mtu mwingine.”

Leo naishi Kibiti mjini, penye maji ya bomba na matangazo ya afya yanayoingia kwenye simu. Nilidhani woga ule ulibaki delta. Mwaka jana uvumi wa ugonjwa ulipoenea, kundi letu la simu la mtaani lilijaa dua, na chini ya dua hizo hizo likaandikwa jina la mama mmoja muuza chai na maandazi, mgeni kwetu, ati yeye ndiye aliyeuleta. Kesho yake maandazi yake yalipoa kwenye beseni, hakuna mnunuzi. Nilikwenda nikaketi kwenye benchi lake, nikaomba chai. Niliogopa, maana nami nina watoto. Alinitazama kwanza, kama anayepima nimefuata nini, ndipo akanimiminia. Nikanywa yote.